Harufu ya Tapentaini

Mlango wa mbele wa Mwalimu Tari haukuwa umewahi kufungwa asubuhi tangu nyumba ile ijengwe. Katika mtaa wao pale Isiolo, watu hufunga mlango mchana kwa sababu mbili tu: wamesafiri, au ndani kuna jambo. Kwa hiyo mlango ule ulipoanza kufungwa kila siku, kuanzia jua linapochomoza mpaka karibu saa nne, majirani hawakuuliza maswali. Walianza tu kumhurumia.

Lakini ndani hakukuwa na jambo. Kulikuwa na rangi.

Tari alikuwa amestaafu mwaka uliopita. Alikuwa amefundisha darasa la kwanza na la pili kwa muda mrefu hivi kwamba baadhi ya wazazi waliomletea watoto mwishoni, yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha kushika penseli. Siku ya kumuaga, walimu wenzake walimpa blanketi, saa ya ukutani na maneno mazuri. Jioni hiyo mwanawe Ganya akapiga simu kutoka Nairobi akamuuliza anataka zawadi gani. Mama wengine wangeomba tangi la maji. Tari akasema, "Nataka rangi. Zile za mafuta. Na brashi nzuri."

"Za kupaka nyumba, mama?"

"Za kuchora."

Ganya hakucheka. Tari aliliweka hilo moyoni, kwamba mwanawe hakucheka. Baada ya siku chache boksi likafika kwa basi, limefungwa vizuri kwa gazeti na kamba, na ndani yake Ganya alikuwa ametia pia aproni ya mpishi, kwa sababu hakujua wachoraji huvaa nini.

Kuchora hakukuwa jambo geni kwake. Maisha yake yote alikuwa amechora, lakini alichora kwa ajili ya kufundisha. Alichora ng'ombe mwenye mishale inayoonyesha pembe, kwato na mkia. Alichora nyumba, jua, jino, mdudu. Kila kitu alikizungushia mstari mnene mweusi ili mtoto wa dawati la mwisho naye aone. Basi alipokaa kuchora kikombe kwa rangi za Ganya, kabla hajafikiri, mkono ukakizungushia kikombe mstari mweusi. Akakitazama. Kilikuwa kama kinangoja kuandikiwa jina chini yake.

Hapo ndipo alipoamua kuanza upya, awe mwanafunzi. Alitazama masomo ya uchoraji kwenye simu, akisimamisha na kurudia. Alichora kikombe kile kile kimoja mpaka hata kukinywea chai akawa hakitaki. Akajifunza kwamba ukingo wa kikombe hauna mstari, ni mahali tu ambapo rangi moja inaishia na nyingine inaanza. Jambo hilo lilimfurahisha kiasi kwamba alikaa na tabasamu siku nzima bila mtu wa kumwambia.

Alichorea katika chumba cha nyuma, kile cha Ganya cha zamani, chenye dirisha la kuelekea mashariki. Asubuhi mwanga uliingia humo polepole na kila kitu kikawa na kivuli chake. Ikifika saa nne, mabati yalianza kulia kwa joto, mwanga ukawa mweupe wa kuumiza macho, na vivuli vikakimbia. Alijaribu kuchora alasiri, haikuwa sawa. Alijaribu kwa taa, ikawa mbaya zaidi. Asubuhi ndiyo ilikuwa yake. Na mlango wa mbele ilibidi aufunge, kwa sababu upepo wa mwezi wa saba ulileta vumbi lote la barabarani ukalibandika kwenye rangi mbichi.

Sasa alikuwa ameanza picha kubwa, ya kwanza kubwa, kwenye ubao wa plaiwudi aliokatiwa na fundi wa milango. Hakutaka kuchora watu wala wanyama. Roho yake ilitulia zaidi na vitu visivyo na pumzi. Alichokuwa akichora ni mitungi ya maziwa.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa Jawahir, ambaye aliuza maziwa ya ngamia. Kila asubuhi akina mama wenzake wa biashara hiyo walileta mitungi yao ya plastiki ya njano, iliyooshwa ikang'aa, wakaipanga kando ya ukuta wa Jawahir kungoja gari la maziwa kutoka upande wa Oldonyiro. Kila mtungi ulifungwa kitambaa kwenye mkono wake ili mwenyewe aujue: cha buluu, cha kijani, cha maua maua, kipande cha khanga ya zamani. Asubuhi moja Tari alikuwa akimwaga maji langoni, akaona jua likipita ndani ya ile mitungi mitupu, yote ikawaka kwa ndani kama taa. Alisimama na ndoo mkononi mpaka mtu akamsalimia. Tangu siku hiyo hakuwa na picha nyingine kichwani.

Ila mitungi ile ilipokuwa ikingoja gari, wenyewe nao walikuwa wakingoja, bila kazi. Na saa zao za kungoja ndizo zilizokuwa saa za Tari za mwanga.

Jawahir ndiye aliyekuwa wa kwanza kubisha hodi. Ndani, Tari alifunika picha kwa shuka, akasugua mikono kwa kitambaa chenye tapentaini, akavua aproni, akaja kufungua. Macho yalikuwa mekundu kwa kukodolea rangi.

"Salaam aleikum, abaayo," Jawahir akasema, akimwita dada kwa Kisomali, kisha akanusa. "Hiyo ni harufu ya dawa gani?"

"Si dawa."

"Haya," Jawahir akasema, kwa sauti ya mtu anayemsikiliza mtoto akidanganya na hataki kumuaibisha. Alimtazama macho, akatazama mikono iliyosuguliwa mpaka ikachubuka, akaondoka. Kesho yake akarudi na chupa ya maziwa. Keshokutwa akaja na supu ya mbuzi.

Lazima mtu aelewe jinsi mtaa ulivyofikiri. Pale ilijulikana kwamba walimu wakistaafu hawakai. Mmoja alikuwa amestaafu mwezi wa nne, na kabla ya mwaka kuisha wakamzika. Sasa huyu naye anajifungia, macho mekundu, nyumba inanuka kama wodi. Nani hangeongeza moja na moja?

Basi wakaja. Sagal, mwenye kitambaa cha buluu, alileta anjera, chapati laini za Kisomali, zikiwa bado moto, akakaa kumpa habari za harusi za watu wote ili asikae na mawazo. Mama Chege, mwenye duka la ng'ambo ya barabara, alileta uji wa wimbi kwenye chupa ya chai. Mama Chege alikuwa Mkristo kutoka Nyeri, aliyekuja Isiolo akiwa bi arusi na hajaondoka tena. Alimwekea Tari mkono begani akamwombea kwa sauti, kwa Kikuyu na Kiswahili kilichochanganyika, na Tari akasema amina, kwa kuwa aliyeomba alimpenda. Hakuna aliyeuliza anaumwa nini. Waliona huo ndio uungwana.

Na Tari angewaambiaje waende? Mume wake Sharamo alipofariki, ni hawa hawa waliomshika. Muda wote wa eda, Jawahir alimjazia maji kila jioni bila kusema neno, na Mama Chege alimwachia mkate mlangoni, asubuhi baada ya asubuhi, na hadi leo hajawahi kuutaja. Mtu hawezi kuwafungia mlango watu kama hao. Isitoshe, aliona haya. Angesema nini? Kwamba yeye, mwanamke mwenye wajukuu, anataka aachwe peke yake achore mitungi?

Kwa hiyo alikaa nao sebuleni, akanywa uji na maziwa na supu. Akawa anautazama mraba wa mwanga ukisogea sakafuni, kutoka mguu wa meza hadi kwenye mkeka, na alijua kwamba kule nyuma rangi zilikuwa zinaota ngozi kwenye sahani. Wageni walipoondoka, mwanga nao ulikuwa umeondoka. Siku nyingine alipata nafasi ya kuchora kitambaa kimoja. Siku nyingine hakugusa brashi.

Asubuhi moja, baada ya kuwasindikiza wa mwisho, alirudi chumbani akakaa kitandani mbele ya ubao. Alifikiri kwamba labda ndivyo ilivyo. Miaka yote asubuhi zake zilikuwa za watoto wa watu, sasa ni za majirani, na pengine mtu kama yeye hakuandikiwa asubuhi ya peke yake. Alikusanya tyubu za rangi moja moja akazirudisha kwenye boksi la Ganya. Alilisukuma boksi chini ya kitanda. Likakaa huko siku mbili. Siku ya tatu alilivuta tena, lakini alilivuta bila raha, kama mtu anayejiibia mwenyewe.

Alhamisi iliyofuata, ndiyo kwanza amefungua tyubu ya njano, akasikia mbuzi akilia langoni.

Alipofungua mlango alimkuta Jawahir ameshika kamba, na mwisho wa kamba yuko beberu mweupe mwenye kichwa cheusi, anatafuna ua la Tari.

"Mbuzi wa nini huyu?"

"Wa dua," Jawahir akasema. "Na usianze maneno. Nimeshaweka nia."

"Dua ya nani?"

"Yako. Mzee Arero yuko njiani kuja kuisoma. Akina mama wanakuja na masufuria."

"Jawahir, mimi siumwi."

"Wagonjwa wote husema hivyo. Mama yangu, Mungu amrehemu, alisema siumwi mpaka dakika ya kubebwa."

Mama Chege alikuwa anavuka barabara na mfuko wa viazi. Aliuweka chini, akahema, akamshika Tari mkono. "Mwalimu, hatutaki kukuingilia," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini kama uko na karatasi za hospitali, Chege wangu atakupeleka Meru na gari yake. Nimeongea na yeye. Usiseme kitu. Uingie tu kwa gari."

Tari alitaka kujibu, lakini tayari mtu alikuwa anaingia langoni.

Mzee Arero akafika, tasbihi mkononi, akapiga salamu, akaletewa kiti. Alikuwa mtu wa taratibu, hasomi dua bila kujua anaisoma kwa nini. Akavua viatu, akatulia, akamgeukia Tari. "Mwalimu, samahani nikuulize mbele ya watu. Ugonjwa wenyewe ni upi? Nisije nikaombea tumbo na kumbe ni kifua."

Sagal, aliyekuwa ndiyo kwanza amefika, alishika sufuria kifuani. Mzee alikuwa tayari ameanza kuinua mikono, na Tari akaona kwamba hapo ndipo mwisho. Kuwanyamazia majirani ni jambo moja. Kumwacha mzee amwambie Mungu habari ya ugonjwa ambao haupo, hilo hakuliweza.

"Mzee, ngoja kwanza," akasema. "Njooni huku. Wote."

Akawaongoza mpaka chumba cha nyuma. Walisimama wamebanana kati ya kitanda na dirisha, na harufu ikawapiga. Jawahir alifunika pua kwa mtandio. Tari akavuta shuka.

Mitungi ikatokea, imejipanga kando ya ukuta, imejaa jua.

Jawahir alishusha mtandio, akainama juu ya kopo dogo lililokuwa dirishani, akanusa.

"Ni hii?"

"Ni hii. Tapentaini. Ya kuoshea brashi."

"Ile ya kupaka mageti?"

"Hiyo hiyo."

"Na macho?"

"Nakodolea sana."

Mama Chege alikaa kitandani kwa kishindo, akaanza kucheka. Alicheka kimya kimya kwanza, mabega yakitikisika, kisha akajifuta macho kwa leso akasema, "Na mimi nimekuombea mapafu." Sagal naye akashikwa na kicheko.

Jawahir hakucheka. "Mimi nimelia, Tari," akasema. Hakumwita abaayo, hakumwita Mwalimu. "Nimelala nikiwaza nani ataniosha mimi nikifa kama wewe unatangulia. Kumbe uko ndani unachora?"

"Niliona haya."

"Haya kwangu? Mimi niliyekuona siku ile ya Sharamo?"

"Kwa sababu hiyo hiyo. Nikufungie mlango wewe, uliyenijazia maji?"

Jawahir aligeuzia uso dirishani, na ilikuwa wazi kwamba ameumia, wala si kidogo.

Mzee Arero alikuwa amevaa miwani na kusogelea ubao, mikono nyuma. Alitazama kutoka mwanzo hadi mwisho bila haraka. "Huu ni wa Sagal," akasema.

"Wapi?" Sagal akasukuma watu. "Walai, ni wangu. Hata lile doa la chini ameliweka."

"Na huu wa kipande cha khanga ni wa yule mama wa Ngaremara."

"Ndiye," Sagal akadakia. "Na anavyopenda kuuweka mbele ya wenzake, ona, uko mbele."

Jawahir alikuwa bado anatazama nje, lakini kichwa kilianza kugeuka chenyewe. "Wangu ni wa kitambaa chekundu," akasema, kama mtu asiyejali. "Siuoni."

"Uko pale mwisho," Tari akasema.

Wote wakatazama pale mwisho. Kulikuwa na mtungi mmoja mkubwa, wa kwanza kufikiwa na jua, lakini ulikuwa na upande mmoja tu. Upande wa pili ulikuwa ubao mtupu.

"Umenichora nusu."

"Kila nikiuanza unabisha hodi."

Kisha Jawahir akakaa kitandani kando ya Mama Chege, akajifunika uso kwa viganja, na walipofikiri analia tena wakasikia kwamba anacheka. Alicheka mpaka mtandio ukaanguka. Kila alipojaribu kusema akasema tu "supu," akaanza upya.

Alipotulia alimpiga Tari kofi dogo gotini. "Sasa kwa nini hukusema una kazi?"

"Si kazi. Nimestaafu."

"Unaamka kabla ya jua, unajifungia, mikono imeharibika, macho yameharibika, na unataka tuondoke. Hiyo kama si kazi ni nini? Mimi nikiwa na gari la maziwa, wewe huji kunishika mkono nikupe hadithi. Ungesema nina kazi, tungekuja saa nne. Supu hata saa nne inanyweka."

Miezi yote hiyo Tari hakuwa amelitumia neno hilo la kazi, hata akiwa peke yake. Alilisema sasa, pole pole, kuona litakaaje mdomoni. "Nina kazi asubuhi."

"Basi," Jawahir akasema. "Imekuwa ngumu?"

"Na mbuzi je?" Sagal akauliza.

Kila mtu akamtazama Mzee Arero. Mzee alivua miwani, akaifuta kwa shati lake. Alisema nia ikishawekwa haivunjwi kwa sababu mgonjwa amekataa kuumwa, na kwamba kumshukuru Mungu kwa mtu aliye na afya ni dua nzuri kama nyingine yoyote, tena fupi zaidi. Wakachinja. Gari la maziwa lilipofika, dereva naye akashushwa akapewa sahani. Tari hakuchora chochote siku hiyo, wala hakuuona mwanga ulipopita, kwa kuwa alikuwa amekaa chini kati ya Jawahir na Mama Chege wakimenya viazi, na kila mmoja wao alikuwa anamsimulia mwenzake jinsi alivyokuwa amejipanga kuomboleza.

Kesho yake alifunga mlango kama kawaida. Akavaa aproni, akafungua njano, akakaa. Palikuwa kimya, kimya cha ajabu, na Tari akapata kama robo saa nzuri sana. Kisha akasikia kigoda kikiburutwa, kikawekwa hapo nje mlangoni, na mtu akikikalia kwa kuguna.

Hatua zikaja. "Hodi?"

"Hakuna hodi," ikajibu sauti ya Jawahir. "Mwalimu haoni watu mpaka saa nne."

"Amezidiwa?"

"Mzima kukushinda wewe. Ana kazi."

"Si alistaafu?"

"Alistaafu ile ingine. Hii ni mpya. Kaa hapa nikueleze, lakini pole pole, asisikie." Na akaanza kueleza, tangu harufu hadi mbuzi, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita wateja kutoka ng'ambo ya soko. Mtu wa pili akaja, ikabidi hadithi ianze mwanzo. Wa tatu akataka kujua kama yeye pia mtungi wake umo, na wakabishana.

"Jawahir!" Mama Chege akapaza sauti kutoka dukani kwake, mpaka mbwa wakabweka. "Punguza kelele, mwalimu wa watu anafanya kazi!"

"Nani anapiga kelele? Si ni mimi ninawanyamazisha!"

Tari aliweka brashi chini. Kicheko kilikuwa kimemshika na rangi ingemwagika. Aliinuka aende awaambie, kwa upole, kwamba afadhali hata zile ziara za supu. Alifika sebuleni, karibu na mlango. Upande wa pili Jawahir alikuwa anamwambia mtu kwamba hapana, hata kama ametoka mbali, Sericho, atangoja hapo kivulini, na atapewa chai, lakini ndani haingii.

Tari alisimama akisikiliza kidogo. Kisha akarudi chumbani kwa vidole vya miguu, wasije wakasikia kwamba wanasikika, akashika brashi yake. Mwanga ulikuwa bado mzuri.